Kuuza BSA M20 iliyofufuliwa ukiwa Tabora

Mteja anayezijua pikipiki za Kiingereza akiingia uani hashiki usukani kwanza. Anainama, anaweka kiganja kwenye silinda. Akikuta chuma kina joto ameshajua kwamba umeiwasha kabla hajafika, na kuanzia hapo kila utakalomwambia atalipunguza nusu. Kwa hiyo siku ya mteja injini iwe imepoa tangu jana yake. Usiiwashe alfajiri kwa kisingizio cha kujaribu. Aguse ubaridi mwenyewe, kisha kiki ipigwe mbele ya macho yake.

Biashara hii yote iko kwenye kiganja hicho. Anayenunua boda boda ananunua chombo cha kazi, anataka kujua inakula mafuta kiasi gani na spea zake ziko wapi. Mnunuzi wa M20 hanunui mwendo, maana mwendo hauna. Ni injini ya cc 496 yenye valvu za pembeni, nguvu za farasi 13, juu ya pikipiki ya kilo 170 hivi. Boda boda yoyote inayotoka stendi itaiacha. Anachonunua ni kitu kinachothibitika: kwamba injini ndiyo, fremu ndiyo, vyuma ndivyo, na fundi aliyeigusa alijua alichokuwa akikifanya. Usichoweza kukithibitisha usikiwekee bei.

M20 ilitengenezwa na BSA, Birmingham, kuanzia 1937 hadi 1955, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Uingereza lilichukua zaidi ya 120,000. Vita vilipokwisha nyingi ziliingia mikononi mwa raia, zikatawanyika kila palipokuwa na Mwingereza. Huku kwetu utasikia sana kwamba pikipiki fulani ilitoka Urambo, kwenye mradi wa karanga. Inawezekana kabisa. Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu za mradi ule ulioanza 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Lakini kuwezekana si ushahidi. Kama kuna picha ya zamani inayoonyesha pikipiki hiyo, au risiti, au barua ya misheni yenye namba yake, itunze kama yai na uitoze bei. Kama hakuna, sema "ndivyo familia inavyosimulia", na hadithi hiyo isiongeze hata shilingi mia.

Namba ndizo zinazoangusha wauzaji wengi, na mara nyingi kwa kosa la kujitakia. Namba ya injini iko upande wa kushoto, chini kidogo ya kitako cha silinda. Ya fremu itafute kwenye kichwa cha fremu au kwenye kishikio cha mbele cha injini. Ukiona WM20 na tarakimu zikifuata, hiyo ni ya jeshi. Sasa, muuzaji akikuta namba ya injini na ya fremu hazifanani anapata hofu, anaanza kufikiria patasi. Acha! Kwa BSA za miaka hiyo kutofanana ni kawaida, hata zilipotoka kiwandani zilikuwa hivyo. Wanaodai namba zifanane wamezoea pikipiki za Triumph. Tena pikipiki za jeshi zilipitia karakana za jeshi, injini zikahamishwa kutoka fremu hii kwenda ile, na hakuna mnunuzi mwenye akili atakayekulaumu kwa hilo. Atakachokulaumu, na ataondoka bila kuaga, ni namba iliyopigwa upya.

Namba iliyopigwa upya inaonekana. Chuma kinachoizunguka kimelainishwa kuliko sehemu za jirani, mstari unapanda na kushuka, tarakimu moja imezama kuliko nyingine. Ndiyo maana eneo la namba halipaswi kuguswa na msasa, wala brashi ya waya, wala mashine ya kusagia, hata kama limejaa uchafu wa miaka 70. Lowesha kwa dizeli usiku kucha, sugua kwa mswaki wa meno, futa kwa kitambaa, paka chaki nyeupe na uifute juujuu ili ibaki ndani ya tarakimu. Kisha piga picha huku taa ikimulika kutoka ubavuni. Hiyo picha ndiyo utakayomtumia mteja wa kwanza na wa mwisho.

Kwa namba hizo unaweza kuandikia Vintage Motor Cycle Club ya Uingereza, ambako vitabu vya kiwanda vya BSA vinatunzwa, ukalipia cheti kinachoonyesha injini na fremu zilitoka lini. Gharama yake inarudi. Mnunuzi wa Uingereza atahitaji karatasi ya umri ili asajili kwa namba ya kizamani, na kama wewe unayo tayari umemwondolea shughuli. Pia M20 za jeshi zilichorwa kwenye tanki namba inayoanza na C ikifuatwa na tarakimu saba. Ukiikuta chini ya rangi, iache. Usipoikuta, usibuni ya kwako ili tanki lipendeze. Mtu akiichunguza na kukuta ni ya pikipiki nyingine, atatilia shaka hata yale yaliyokuwa kweli.

Karatasi za hapa nyumbani zina mambo yake. Kama ina kadi ya usajili, namba za kadi zilingane na za chuma, tarakimu kwa tarakimu, kabla hujatangaza. Ukikuta karani wa zamani aliandika namba ya injini mahali pa namba ya fremu, rekebisha TRA kwanza, maana kosa hilo likigundulika siku ya kuhamisha umiliki mteja atakuwa amekaa hapo na wewe unatoka jasho. Kama kadi imepotea, anza polisi kwa taarifa ya upotevu. Na kama haijawahi kuwa na kadi, au kadi yake imezama na ukoo mzima, iuze kwa kusema hivyo waziwazi: haina kadi, ni ya maonyesho au ya kwenda kusajiliwa upya na mwenye kununua. Atakayekushauri ununue kadi ya pikipiki iliyokufa na kuivalisha hii anakupeleka jela, huyo si mwenzako.

Halafu mirathi. Pikipiki nyingi za aina hii ni za babu aliyefariki, na anayekuja kuiuza ni mjukuu mmoja kati ya kumi na wawili. Kama unainunua ili uifufue, au unaifufua ili iuzwe, taka barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi kabla ya kushika spana. Chuma kilicholala chini ya mwembe miaka 40 hakina mwenyewe, lakini kikishang'aa wenyewe hutokea mpaka kutoka Sikonge.

Twende kwenye bolti, kwa sababu hapa ndipo mteja anayejua anapotenganisha fundi na fundi. Spana za BSA si za milimita. Zina majina ya vipimo vya Whitworth, vipimo vya zamani vya inchi vya Kiingereza: 3/16, 1/4, 5/16, na hesabu yake haihusu upana wa kichwa cha bolti bali unene wa bolti yenyewe. Spana ya 1/4 Whitworth ina mdomo wa milimita 13.3. Ya milimita 13 haiingii, ya 14 inacheza, na inayocheza ndiyo inayokula pembe za nati mpaka inabaki duara kama shanga. Ya 5/16 ni milimita 15.2, kwa hiyo 15 inakataa na 16 inaharibu. Ni ya 3/8 peke yake inayokubaliana na milimita 18. Spana malaya isiguse pikipiki hii kabisa. Seti ndogo ya Whitworth, hata ya mtumba, agiza kabla ya kuanza kazi, na siku ya kuuza iweke kwenye boksi la zana iende na pikipiki.

Meno ya bolti nayo ni tofauti. Zipo bolti nyingi zenye meno 26 kwa inchi, membamba, ambayo nati ya kawaida ya dukani itaanza kuyashika mzunguko mmoja wa kwanza kisha ikaze. Fundi asiyejua anadhani ni kutu, anaongeza nguvu, anayakata meno. Au anatoboa tundu zima na kupitisha bolti ya milimita 8. Inashika, haina neno barabarani, lakini mteja akipitisha jicho upande mmoja wa injini na kukuta vichwa vya bolti za kisasa vyenye namba 8.8 juu yake, anahesabu kimyakimya, na kila kimoja kinapunguza bei. Bolti zote za zamani zilizolika zisitupwe. Zioshe, zitie kwenye kopo, ziandike zilikotoka. Kopo hilo la vyuma vichafu lina thamani kuliko kromu mpya, kwa sababu linaonyesha kwamba kilichobadilishwa kinajulikana.

Injini sasa. M20 huhifadhi oili kwenye tanki la pembeni, karibu lita 3, na pampu huizungusha. Ikisimama wiki mbili au tatu oili hushuka yenyewe kupitia pampu na kujaa chini ya krenki. Ukipiga kiki ikiwa hivyo, inawaka, halafu ekzosi inatoa wingu la moshi mweupe wa buluu linalofunika uwanja, na oili inamwagika kwenye bomba la pumzi. Hakuna ubaya mkubwa uliotokea, baada ya dakika chache moshi unakwisha. Lakini mteja ameshaona moshi, na katika akili yake ringi zimekufa. Siku moja kabla ya kuja kwake fungua plagi ya chini, mwaga oili kwenye chupa safi yenye vipimo, uitazame. Vijiko vichache si neno. Ikizidi nusu lita ndani ya wiki moja, kuna gololi ya chuma yenye springi kwenye njia ya oili ambayo haikai vizuri kwenye kiti chake. Itoe, safisha kiti, weka gololi mpya ya kipimo kilekile, igonge mara moja tu, taratibu, kwa kipande cha shaba ili itengeneze makao yake. Rudisha.

Wapo wanaofunga koki kwenye bomba la oili ili lisishuke. Siwaungi mkono hata kidogo. Koki ile itasahauliwa siku moja, injini itazunguka kavu, na pistoni itashika. Kama umeikuta imefungwa na mwenye kuileta, itoe kabla ya kuuza.

Uthibitisho kwamba oili inazunguka ni rahisi na mteja anaufurahia. Injini ikiwaka, fungua kifuniko cha tanki la oili, mmulikie tochi ndani. Ataona bomba dogo likitema oili kwa kukatakata, pu, pu, pu, ikichanganyika na hewa. Ikitema mfululizo mwanzoni maana yake ilikuwa imejaa chini, ngoja itulie. Isipotema kabisa ndani ya dakika moja, zima. Mimi hutumia oili ya namba moja, SAE 40 au 50, si hizi za namba mbili, na kwenye daftari la pikipiki naandika aina na tarehe.

Mwanya wa tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu, upimwe injini ikiwa baridi: valvu ya kuingiza inchi 0.010, ambayo ni milimita 0.25, na ya kutolea 0.012, yaani 0.30. Platini za magneto, kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche bila betri, nazo mwanya wake ni 0.012. Plagi iwe na mwanya wa nusu milimita, usiifungue kama ya pikipiki ya kisasa, kwa sababu magneto inayozungushwa kwa kiki ina cheche ndogo. Usikaze tapeti kupita hapo ili kuua kelele. Tapeti inayogongagonga kidogo inampa mteja raha. Iliyokazwa inanyamaza leo na kuunguza valvu ya kutolea kesho.

Ila kipimo kinachowaumbua watu wengi ni cha injini ya moto. Magneto za Lucas za wakati ule zina kondensa ndani ya kitu kinachozunguka, na nyaya zake zimepakwa utomvu wa kuzuia umeme kuvuja. Kondensa ikizeeka, au utomvu ukilainika kwa joto, pikipiki inawaka kiki ya kwanza asubuhi, inakwenda vizuri hadi Kipalapala, ukisimama kunywa maji haiwaki tena mpaka ipoe. Kwa jua letu la Oktoba, kabla mvua hazijaja, ugonjwa huu unajitokeza haraka kuliko utakavyojitokeza Uingereza. Na mtu ataendelea kununua plagi mpya na kusafisha kabureta, wakati tatizo haliko huko. Kabla ya kuuza, iendeshe nusu saa, izime, iache dakika kumi ambazo joto hupanda kutoka kwenye silinda na kuingia kwenye magneto, kisha iwashe. Ikiwaka kiki moja au mbili, una kitu cha kuuza. Isipowaka, magneto inahitaji kusukwa upya na kuwekewa kondensa ya kisasa, na kazi hiyo ipewe mtu anayeifanya kila siku, hata kama ni kuituma mbali. Ukiamua kuuza bila kuitengeneza, iandike kama kasoro ya kwanza kwenye orodha. Mnunuzi mzuri atapunguza gharama ya magneto tu. Aliyefichwa akaja kuigundua njiani ataitaka pesa yote.

Kuna jambo dogo ambalo sisi wa huku juu tunalisahau. Tabora iko kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta yenye jeti (kijitundu cha kupitishia petroli) ya kiwandani inakuwa na petroli nyingi kidogo: plagi nyeusi, moshi mweusi kidogo ukivuta. Fundi mwangalifu hushusha sindano au kuweka jeti ndogo, na pikipiki inatulia. Mnunuzi akiipeleka Dar es Salaam au ng'ambo, jeti ileile inakuwa ndogo mno, injini inachemka, valvu ya kutolea inaungua. Kwa hiyo jeti ya kwanza ifungwe kwenye bahasha, iandikwe namba yake, ifungwe kwa waya kwenye usukani. Kijichuma cha ukubwa wa punje ya mahindi kinaokoa silinda.

Rangi nitaisema kwa kifupi ingawa ndiyo inayowasumbua wengi. M20 za jeshi zilipakwa rangi za jeshi: kijani cha kaki, kahawia, baadaye kijani cha mzeituni, hazikung'aa. Rangi ya gari iliyopigwa lakki juu, na kromu kila mahali, itampendeza anayetaka kuiweka mlangoni mwa hoteli, lakini itamfukuza mnunuzi wa M20. Na popote utakapokuta rangi ya kwanza, ndani ya boksi la zana, chini ya tanki, nyuma ya kishikio cha taa, acha eneo la kiganja bila kuligusa. Piga msasa wa maji namba 1000 taratibu kwenye ukingo wake mpaka tabaka zionekane moja baada ya nyingine kama mviringo wa kisiki cha mninga. Mtu mmoja akiona hapo anaelewa pikipiki imepitia wapi kuliko ukimsimulia saa nzima.

Usifunge tairi za boda boda. M20 inavaa 3.25 kwa 19 mbele na nyuma, na madukani hapa zimejaa za inchi 17 na 18. Kuna watu wamekata rimu za inchi 19 wakafunga za 18 ili wapate tairi, wakapoteza rimu ambazo sasa ni shida kuzipata. Koki za petroli za zamani zina kizibo cha gome ambacho kiangazi kikikauka kinasinyaa na kuvuja. Kiloweke kwenye petroli usiku mmoja, kitavimba, acha kukimbilia silikoni.

Bei. Weka daftari na risiti zote tangu siku ya kwanza, lakini usijumlishe tu na kudhani jumla ndiyo bei. Ukiwa umetumia milioni 6 na soko likaona milioni 5, soko halitakurudishia ile moja kwa sababu ulipaka rangi mara mbili. Daftari linasaidia kwa njia nyingine: linaonyesha silinda ilichongwa kiasi gani, pistoni ni ya kipimo gani, beringi zipi ni mpya. Kama kuna dalali, mkubaliane kwa maandishi kima chako na cha juu yake, na mteja aongee na wewe mwenyewe kuhusu injini. Dalali akianza kuieleza magneto atasema chochote. Na wale wa chuma chakavu watakaokuja na mizani, waage kwa heshima.

Usichanganye M20 na Bullet kwenye tangazo moja kwa kuwa zote "ni za Mwingereza". Royal Enfield Bullet zilianza kuunganishwa Madras, India, tangu 1955, na India waliendelea kuzitengeneza miaka mingi baada ya kiwanda cha Redditch, Uingereza, kufungwa. Bullet ya India ni pikipiki nzuri, spea zake zinapatikana, ina wateja wake. Iuze kwa jina lake.

Video inayouza ni moja, isiyokatwa. Simu ianze kwenye namba ya fremu, ishuke kwenye namba ya injini, ionyeshe mkono ukiwa umeshika silinda ya baridi, kisha kuwasha: fungua petroli, bonyeza kitufe cha kabureta mpaka petroli itokeze, rudisha nyuma kidogo liva ya moto, ile ya kuwahisha au kuchelewesha cheche, iliyo kushoto mwa usukani, sukuma kiki polepole mpaka ikaze, vuta liva ya kuinua valvu, ipitishe hapo padogo, achia, kiki moja ya mwili mzima. Ukisahau kurudisha liva ya moto, kiki itarudi na kukupiga kifundo. Ikiwaka, sogeza liva mbele, mulika ndani ya tanki la oili, washa taa, zima. Dakika tatu zinatosha. Asubuhi kabla ya saa tatu, kwenye kivuli, ukuta mweupe nyuma.

Majaribio ya barabarani yana hatari moja ambayo lazima uiseme kwa sauti kabla mteja hajakaa. Gia iko mguu wa kulia, breki ya nyuma iko mguu wa kushoto, kinyume cha pikipiki zote anazozijua. Akishtuka, mguu wake wa kulia utakanyaga gia akidhani ni breki, na ngoma za inchi 7 hazisimamishi kilo 170 kwa uharaka hata zikikanyagwa sawasawa. Mwambie: "Kaka, leo breki yako iko kushoto. Kanyaga hapa, tena, tena," mpaka mguu uzoee pikipiki ikiwa imesimama. Mzungushe kwanza uwanjani. Pesa yote ya bei iwe mkononi mwa mtu mnayemwamini wote wawili kabla hajatoka getini.

Malipo yaende benki. Meseji ya simu inayosema umepokea si pesa, angalia salio lako kwa njia yako mwenyewe. Mteja wa mbali anayetaka kulipa zaidi ya bei ili umtumie "wakala wa meli" ziada ni tapeli, hakuna haja ya kumjibu. Mkataba uandikwe mbele ya wakili au mwenyekiti wa mtaa, wenye namba za injini na fremu, tarehe, na maneno haya: imeuzwa kama ilivyo, pamoja na kasoro zifuatazo. Chini yake orodhesha kila kasoro uliyoitaja, kila bolti isiyo ya asili, rekuleta (kidhibiti umeme) ya kisasa iliyofichwa ndani ya boksi la zamani, kila kitu. Sahihi zote mbili ziwe chini ya orodha.

Ikibidi kusafiri, ichukuliwe kwa reli au kwa lori la kupitia Itigi na Manyoni, ndani ya kreti. Ndani ya kreti pawe na urefu wa mita 2.3 na upana wa sentimita 80. Gurudumu la mbele likae kwenye kishimo cha mbao, mikanda ya kukazia ipite chini kwenye forki na fremu, si kwenye usukani, kwa sababu usukani unazunguka na mkanda unalegea kabla hujafika Itigi. Forki ya M20 za vita ina springi moja kubwa katikati. Ibane mpaka nusu ya mwendo wake, ukiibana yote mashimo ya barabara yatavunja kishikio. Betri itoke, petroli itoke yote, mfuniko uachwe wazi siku nzima.

Mbao za mninga ni fahari yetu na kreti ya mninga itafika Dar es Salaam salama. Ng'ambo haitapita, kwa maana mbao za kufungia mizigo ya nje lazima ziwe zimepikwa kwa joto au kutiwa dawa inayokubalika, na kugongwa chapa ya kimataifa ya ISPM 15. Plaiwudi haihitaji chapa hiyo. Kwa mteja wa nje, pande zote ziwe plaiwudi, na mihimili ya chini itafutwe iliyogongwa chapa, wakala wa forodha atakuelekeza.

Ndani ya kreti: spana za Whitworth, kopo la bolti za zamani, bahasha ya jeti, daftari, karatasi moja ya hatua za kuwasha. Na kama umemwaga oili kwa ajili ya safari, kata kipande cha boksi, andika kwa herufi kubwa OILI IMEMWAGWA, USIPIGE KIKI, kifunge kwa waya kwenye mkono wa kiki wenyewe, mahali ambapo mguu hauwezi kufika bila kukiondoa kwanza.